Uko Radhi Nasi?

Sikudhani aliteremka mlima wa Chuo na dumu tupu begani na bakuli la bati mkononi, na nafsi ilikuwa inamsuta kwa kosa ambalo alikuwa bado hajalitenda. Watu wengine husutwa wakishamaliza. Yeye alikuwa mpimaji, na kazi ya upimaji ilikuwa imemzoesha kupata matokeo kabla ya mambo yenyewe, kwa hiyo hatia yake ilitangulia mbele njiani, ikamngoja kwenye kila kona na kumsalimu kwa jina. Naye aliiitikia. Angefanya nini, na wanafahamiana?

Mji uliokuwa chini ya mlima haukuwa na jina, au labda ulikuwa nalo kabla Chuo hakijaja kulichukua. Huko mtu hakuulizwa umri. Aliulizwa amehitimu lini, basi, na kutokana na jibu lake watu wakajua wampe shikamoo au waipokee. Aliyehitimu alizeeka kama watu wote wanavyozeeka, magoti yakimuuma na wajukuu wakimchosha. Ambaye matokeo yake hayakutoka alibaki na uso ule ule aliotoka nao kwenye chumba cha mtihani. Ndevu hazikuongezeka, sauti haikuwa nzito, viatu havikuisha soli. Wageni waliopita mjini waliusifu ujana wa watu hao na kuomba siri yake, wasijue kwamba wanasifu foleni.

Ni nani aliyekipa Chuo mamlaka juu ya mvi za watu? Swali hilo Sikudhani aliwahi kujiuliza alipokuwa mwanafunzi, kwenye mhadhara wa asubuhi, na njaa yake tumboni. Baadaye alipata kazi hapo hapo, akapewa kiti chenye magurudumu, na swali likashika adabu, likanyamaza. Sasa, akishuka mlima, lilikuwa limeanza tena kumpekenyua. Chuo kilikuwa kinawagawia watu wakati, kinauzuia, kinausahau ndani ya droo. Kisha siku moja kikaamka na kutaka kujua kama kinapendwa. Ni sawa na baba anayempiga mtoto chumbani, halafu anamtoa sebuleni na kumuuliza mbele ya wageni, si tunapendana? Mtoto atajibu nini, na wageni wamekaa na vikombe vya chai mikononi?

Kabla ya kazi hii alikuwa anapima ushiriki wa wanafunzi. Chuo kiliamini kwamba mwanafunzi anayeshiriki huacha joto, kwa hiyo kila mhadhara ulipoisha Sikudhani alipita ukumbini akiweka kiganja juu ya viti, kimoja kimoja, kama mama anayempima mtoto homa. Viti vya nyuma vilikuwa baridi. Vya mbele vilikuwa vuguvugu. Wanafunzi walipogundua kwamba wenye viti baridi wanaitwa ofisini, walianza kuja na chupa za maji ya moto, wakazilaza vitini, wao wakaenda kulala bwenini. Ushiriki ukapanda ajabu. Mhadhiri mmoja alifundisha muhula mzima mbele ya chupa na wala hakulalamika. Alisema hajawahi kupata darasa tulivu kiasi kile. Sikudhani alijua. Aliuona mvuke. Lakini aliripoti joto alilolikuta, kwa sababu aliajiriwa kupima joto na si kuuliza limetoka wapi, na kwa uaminifu huo akapandishwa cheo.

Cheo kilikuwa hiki cha dumu. Mwanzoni Baraza la Chuo lilimtuma kwa wahitimu, pamoja na wanaongoja matokeo, na swali kavu: Je, umeridhika na Chuo chako? Alibisha hodi mji mzima. Milango ilifunguka upenyo, swali likaingia, milango ikafungwa. Mama mmoja aliyekuwa anachambua mchele barazani alimtazama kutoka juu hadi chini kisha akarudi kwenye ungo wake.

"Kuridhika ni kwa aliyekula, mwanangu," alisema. "Sisi tulisikia harufu tu."

Ndipo Sikudhani alipolipindua swali. Kwa bibi yake, alikolelewa, ugomvi haukuisha kwa maneno. Aliyekosa alikuja na bakuli la maji, akapiga goti, akasema niwie radhi. Aliyekosewa alipiga funda, akasukutua, akayatema, na hasira ikawa imetoka pamoja na maji hayo. Hakuna aliyeifukua tena. Sikudhani alilichukua bakuli la bibi yake na kulipa Chuo. Swali likawa: Je, uko radhi nasi? Alijiambia kwamba hiyo ni adabu tu, ni kulifunga swali kanga lisiende uchi mitaani. Kwani radhi si kuridhika? Ndiyo, ni kuridhika. Na pia ni msamaha. Yeye mwenye shahada ya lugha alijua fika kwamba neno lile lina vyumba viwili, na kwamba anabisha hodi kwenye kimoja huku akitegemea watu wamfungulie kingine.

Na wakafungua. Wazee walitoka na majoho ya mahafali yaliyoliwa na mende. Wanawake waliacha vyungu jikoni. Walimwona mtu wa Chuo amepiga goti na maji mkononi, wakashika vifua, wakasema, "Hatimaye wamekuja." Sikudhani alilisikia lile hatimaye. Alilisikia kila mlango, akajitia hamnazo kila mlango. Walisukutua, wakatema ndani ya bakuli, wakasema niko radhi, naye akayamimina kwenye dumu na kuyapandisha mlimani. Huko yalitiwa kwenye silinda ya kioo iliyosimama katikati ya ukumbi wa Baraza, na Chuo kikatangaza kwamba kuridhika kwa wahitimu kumepanda.

Nyuma ya jengo la utawala palikuwa na mlango mdogo ulioitwa Mlango wa Madai. Aliyekosa matokeo, aliyepewa jina la mwingine, aliyehitimu fani asiyoisoma, alikwenda hapo kusema shida yake. Mara nyingi ndani hapakuwa na mtu. Hata hivyo mlango ulikuwepo, na watu wasiozeeka waliishi kwa kujua kwamba upo. Sasa Baraza lilikuwa limepitisha kanuni: maji yakifika mstari mwekundu wa silinda, Mlango wa Madai uzibwe kwa matofali, kwa kuwa wahitimu walioridhika hawana cha kudai. Lilibaki dumu moja tu kufikia mstari. Ndilo hilo alilokuwa nalo begani, na ndiyo sababu hatia yake ilikuwa imeamka mapema kuliko yeye.

Dumu lilijaa mtaa kwa mtaa, hadi ikabaki nafasi ya mafunda machache, na nyumba moja ya mwisho.

Aliyemfungulia alikuwa mzee wa mvi, mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Karibu, mama. Mimi naitwa Mbelwa. Bila shaka unamtafuta kaka yangu Semkiwa."

"Ndiye hasa."

"Yuko uani, anafua. Usishtuke ukimwona. Mimi nilimfuata kuzaliwa, lakini nimeshampita."

Uani palikuwa na kijana ameinamia beseni, mabega membamba, shati la uanafunzi bado linamkaa vizuri. Alinyanyua uso, na Sikudhani akautambua. Waliingia Chuo mwaka mmoja. Walikaa benchi moja. Asubuhi nyingi waligawana andazi moja nyuma ya maktaba na kucheka mpaka mkutubi akawafukuza. Sasa yeye alikuwa na nyonga inayolia akikaa, na Semkiwa alikuwa na chunusi ile ile kidevuni.

"Shikamoo, mama," alisema Semkiwa, akiinama kwa heshima.

Alipaswa kusema, Semkiwa, ni mimi. Maneno hayo yalikuwepo, yameshapanga mstari mdomoni.

"Marahaba, mwanangu," alijibu.

Wapo watu huiba fedha, na wapo huiba ng'ombe. Sikudhani alisimama pale uani akiwa ameiba shikamoo ya mtu wa rika lake, na hapakuwa na njia ya kuirudisha bila kusema ilipatikanaje. Semkiwa alimgeukia mdogo wake mwenye mvi.

"Shikamoo, kaka. Sikujua una mgeni."

Mbelwa alitazama pembeni. "Miaka yote namwambia asiniamkie," alimwambia Sikudhani kwa sauti ya chini. "Haachi. Anasema nina mvi, basi."

Kazi ni kazi. Sikudhani alichota maji, akapiga goti la kulia, lile linalouma, akanyanyua bakuli.

"Semkiwa, Chuo kimenituma. Je, uko radhi nasi?"

Povu lilikuwa linachuruzika kwenye vidole vya kijana. Aliyatazama maji, akamtazama yeye, akayatazama tena maji.

"Mnaniomba radhi?"

"Nauliza kama uko radhi."

"Ndiyo hiyo hiyo, mama. Mtu hapigi goti kwa jambo lingine." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Nani amekutuma?"

"Baraza."

"Baraza zima?"

"Baraza zima."

"Umesikia, kaka? Baraza zima." Alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyeamini bahati yake, kisha uso ukatulia. "Sitakudanganya, mama. Nilikuwa na hasira. Mtihani niliufanya. Jina niliandika, nikalirudia kulisoma. Wenzangu walivaa majoho, mimi nikaambiwa nisubiri kidogo, karatasi inatafutwa. Mchumba wangu alinisubiri mpaka akaanza kuniita mdogo wangu, akaenda kuolewa na mtu wa umri wake. Juzi tumekutana sokoni, ameshika mjukuu, akaniambia hujambo mwanangu. Mama yetu alikufa akinihimiza nisichelewe shule. Nilikwenda kwenye ule mlango wenu mpaka kizingiti kikanizoea. Lakini mtu akishakuja kwako na maji, akapiga goti, wewe utamfanya nini?"

Alipokea bakuli kwa mikono miwili. Akapiga funda, akafumba macho, akasukutua muda mrefu kuliko mhitimu yeyote aliyewahi kumwona. Akatema. Alipofumbua macho, yalikuwa yamelainika.

"Niko radhi," alisema. "Na Mungu ni shahidi. Sasa matokeo yangu yatatoka lini?"

Hapo ndipo palipokuwa na kosa lenyewe, lile lililomngoja tangu asubuhi. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema sijui, ambalo lilikuwa kweli kwa nusu. Angeweza kumwaga bakuli chini na kukimbia. Alimwona anavyongoja, mikono imelowa, amemwamini mzima mzima.

"Yatatoka," alisema.

"Lini?"

"Karibuni."

Semkiwa alirudi kwenye beseni na kuanza kufua kwa kasi, kama mtu mwenye safari. Mbelwa alimsindikiza mgeni hadi mlangoni. Hapo akasimama, akavua miwani.

"Mama, kaka yangu ni mtoto. Mimi ni mtu mzima. Hayo maji mnayapeleka wapi?"

"Yanapimwa."

"Yanapimwa nini?"

Sikudhani alimimina maji ya Semkiwa kwenye dumu, akaliweka begani, akaondoka. 

Njia ya kupanda ilikuwa imerefuka. Dumu lilikuwa na uzito usio wa maji. Katikati ya mlima alipishana na mwanamke anayeshuka na dumu tupu, bakuli la bati mkononi, na alipomsogelea akaona kwamba ni yeye mwenyewe wa asubuhi, uso umekunjika kwa kusutwa kabla ya wakati. "Limejaa?" aliuliza yule wa asubuhi. "Limejaa," alijibu. Alitaka kumwambia arudi, asifike ile nyumba ya mwisho. Lakini mtu anayeshuka mlima na mtu anayepanda hawana muda wa kutosha, na yule wa asubuhi alikuwa ameshapotea kwenye kona.

Sikudhani. Hilo ndilo jina alilopewa, na hilo ndilo alilojitetea nalo.

Sikudhani kwamba atauliza lini.

Ulidhani, nafsi ilimjibu. Uliuona mvuke kwenye viti ukasema joto.

Sikudhani kwamba neno moja.

Ulilichagua. Ulikesha nalo, ukalipima, ukaona linapita mlangoni.

Mimi nimetumwa tu.

Baraza lilikupa swali kavu. Goti lilikuwa lako. Bakuli lilikuwa la bibi yako, na bibi yako hakuwahi kulipeleka kwa mtu bila kosa la kutaja.

Basi nitasema. Nitasema kabla ya kumimina.

Na kama wakikusikiliza?

Hilo la mwisho ndilo lililomtisha. Akikataliwa, angekuwa amejaribu, na mtu aliyejaribu hulala. Wakimsikiliza, ingebidi ashuke tena na kugonga kila mlango, aseme nilichowachukulia sicho nilichowaambia. Alijikuta akitamani, kidogo tu, wamkatalie. Aliona aibu kwa tamaa hiyo, akaendelea kupanda nayo.

Ukumbi wa Baraza haukuwa na madirisha, ila ulikuwa na mwanga, na hakuna aliyejua unatoka wapi. Wajumbe walikaa kuizunguka silinda. Mwenyekiti wao, Profesa Mkumbukwa, alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kuwapa watu kiti kabla ya kuwanyima kitu. Nje ya ukuta mafundi walisikika wakikoroga saruji, maana walikuwa wameshaagizwa.

"Karibu, Bi Sikudhani. Pole na mlima. Mimina tu, tumalize."

"Kabla sijamimina, Profesa, nina neno."

"Sema."

"Haya si maji ya kuridhika. Watu hawa wametusamehe."

Wajumbe walitazamana. Mmoja, mwanamama wa Kitivo cha Sheria, aliweka kalamu chini.

"Kuna tofauti?" aliuliza Profesa, na alikuwa anauliza kweli.

"Ipo. Aliyeridhika alipewa. Hawa walinyimwa. Niliwaendea na bakuli, nimepiga goti, wakadhani Chuo kimekuja kuomba radhi. Kosa ni langu, swali nililitunga mimi. Wako wanaongoja matokeo mpaka leo. Nimetoka kwa mmoja, ametema maji akaniuliza yatatoka lini."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia karibuni."

Profesa alitikisa kichwa kwa huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko ambavyo karipio lingemchoma. "Hebu tufikiri pamoja. Tuseme ni kweli, wametusamehe. Aliyesamehe hadai tena, sivyo? Kama hadai, ule mlango ni wa nini? Kwa njia zote mbili tunafika pale pale."

"Hatufiki pale pale. Tukisema wametusamehe, itabidi tuseme tuliwakosea nini."

Nje, koleo la fundi likakwaruza mara moja, likatulia. Kwa muda mfupi kila mjumbe alionekana kama mtu aliyekumbuka mlango wa nyumbani kwake umebaki wazi. Yule mwanamama wa Sheria alifumbua mdomo. Sikudhani alishika dumu kwa nguvu. Kumbe inawezekana, alifikiri, na hofu na furaha zikampanda kwa pamoja.

"Basi," alisema Profesa Mkumbukwa polepole, "wameridhika."

Mwanamama wa Sheria aliufumba mdomo. Kalamu zikarudi vidoleni.

Na Sikudhani akamimina. Hilo ndilo atakalolikumbuka bila kulielewa: hakuna aliyemshika mkono. Mikono yake ilikuwa imezoea kumimina, ikamimina, na yeye akaitazama kama ya mtu mwingine. Maji ya mama wa ungo, maji ya wenye majoho, maji ya Semkiwa yaliyosukutuliwa kwa muda mrefu, yote yakapanda ndani ya kioo yakiwa safi, hayana rangi ya mtu. Yakasimama chini kidogo ya mstari.

"Limebaki funda moja," alisema Profesa. Akatabasamu, akatia maji kwenye lile bakuli la bati, kisha akamsogezea. "Na wewe ni mhitimu wetu. Uko radhi nasi?"

Alipiga funda kabla hajafikiri, kwa mazoea ya kuona wengine wakifanya. Hapo akagundua alichojifanyia. Mdomo umejaa. Akitaka kusema hapana, lazima ateme kwanza, na akitema amekwisha kutoa radhi. Alisimama mbele ya Baraza mashavu yamevimba, mwanamke mzima, na kila alilokuwa nalo la kusema likielea mle ndani. Wajumbe walingoja kwa adabu. Maji yalianza kupata joto la ulimi wake.

Akayameza.

Yalishuka kwa maumivu, kama tembe kubwa. Hakuna aliyepiga meza. Profesa akasema, "Sawa, si lazima," akainua bilauri yake ya maji ya kunywa, aliyokuwa ameinywa nusu, na kuimalizia ndani ya silinda. Maji yakafika mstari. Wajumbe wakapiga makofi, makofi mafupi ya watu wenye vikao vingine, na nje mafundi wakaanza kupanga matofali.

Alishuka bila dumu. Mlima safari hii ulikuwa mfupi mno. Alipenda uwe mrefu, haukumsikia. Semkiwa alikuwa barazani, amevaa shati lililokwisha kukauka, nywele amezichana. Alisimama alipomwona.

"Shikamoo, mama. Yametoka?"

Sikudhani hakuipokea. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuiacha shikamoo ya mtu ining'inie hewani, na Semkiwa akashangaa.

"Hayatatoka," alisema. "Mlango umezibwa kwa yale maji. Uliponiuliza lini, nilikuwa najua. Nilikudanganya."

"Labda mwezi ujao."

"Hayatatoka kabisa, Semkiwa. Hakuna anayeyatafuta."

Kijana alikaa juu ya ngazi. Hakulia. Alikaa kama mtu aliyeshushwa mzigo bila kuuomba, na kwa kuwa hakuwa na kitu cha kungojea tena, wakati ulimrudia wote kwa mkupuo. Ulianzia kwenye masikio, mvi zikamea. Mabega yakajaa, kisha yakainama. Kidevu kikafunikwa na ndevu, chunusi ikapotea humo. Vifungo vya shati vikakatika kimoja baada ya kingine. Aliinua viganja akavitazama vinavyokunjamana, na usoni mwake mlikuwa na uchungu wa miaka ambayo aliipata na kuikosa papo hapo. Mbelwa alitoka ndani kwa kishindo, akasimama mlangoni, akashika fremu.

"Kaka," alisema.

Semkiwa alipozungumza, sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyezika mama yake na sasa ndiyo kwanza anapata nguvu za kumlilia. Lakini alimtazama mgeni, na macho yake yalikuwa yanamjua.

"Sikudhani."

"Ni mimi."

"Tulisoma pamoja, mimi na wewe. Na nilipokuamkia ukaipokea."

"Niliipokea."

Hakuwa na bakuli; lilibaki mezani kwa Baraza. Alichota maji ya pipa kwa kikombe cha plastiki kilichokuwa karibu na beseni, akayaleta, akapiga goti kwenye saruji. Hakuna aliyekuwa amemtuma.

"Niwie radhi. Si Chuo. Mimi. Nilikudanganya, nikakuchukulia radhi yako nikaenda kukufungia mlango nayo."

Semkiwa alikipokea kikombe, akakiweka ngazini, pembeni, bila kukigusa mdomoni.

"Inuka. Magoti yetu si ya kuchezea tena," alisema. "Mbelwa, mdogo wangu, mletee mwenzangu kiti."

Mbelwa alileta kiti. Alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa shati.

"Kiti utapata," alisema Semkiwa. "Chai itachemshwa, utakunywa. Radhi sina, Sikudhani. Niliyokuwa nayo niliitoa yote, na wewe ndiye uliyeibeba."

Alijikongoja kuelekea ndani kuwasha jiko, akijifunza mwendo wa miguu yake mipya. Sikudhani akakaa.